Mashine Pepe Inapoburuta Mtandao: Pima Pingili kwa Pingili

Simu ninayopigiwa mara nyingi kuliko zote huanza hivi: "Kaka, mfumo umelala tena. Nimebonyeza ankara tangu nimekaa hapa, haifunguki." Anayepiga ni dada wa uhasibu, na nyuma yake nawasikia wateja wakiguna dirishani. Kabla ya lolote namuuliza: "Pole dada. Umelala kwa wote au kwako tu?" Swali hilo moja hunipunguzia nusu ya kazi. Ukilala kwa wote, naangalia seva na njia yake. Ukilala kwake peke yake, naangalia kebo iliyo chini ya meza yake, na mara nyingi nakuta mtu amesogeza kiti juu yake.

Ofisi hiyo ina seva moja yenye Proxmox VE, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta zisizo na chuma chao, zinazoishi ndani ya seva), na juu yake mashine hizo tatu: Windows ya uhasibu, Linux ya kuhifadhi mafaili, na faiawoli inayolinda lango la intaneti. Mpangilio wa namna hii umejaa katika ofisi ndogo na za kati, kwa hiyo ndio nitakaoutumia humu. Chini ya Proxmox kuna Linux ya kawaida na KVM, kipande chake kinachoendesha mashine pepe; amri nyingi zitafanya kazi popote penye Linux. Ukiwa na VirtualBox, VMware au Hyper-V, mpangilio wa upimaji ni uleule, tofauti ni mahali vitufe vilipo.

Jambo ninalotaka ushike ni hili: pakiti inayotoka ndani ya mashine pepe hupita pingili nyingi, kama za muwa. Inatoka kwenye programu, inaingia kwenye keneli (kiini cha mfumo) ya mashine pepe, inapita kadi ya mtandao isiyoshikika kwa mkono, inachukuliwa na seva mama (seva halisi iliyobeba mashine pepe), inapita kwenye daraja la ndani (kwenye Proxmox huitwa vmbr0), ndipo inafika kwenye kadi halisi, kebo, swichi na ruta. Ugonjwa unaweza kukaa kwenye pingili yoyote, na dalili anayoiona mhasibu ni ileile. Anayeanza kwa kumlaumu mtoa huduma wa intaneti, au kwa kununua swichi mpya, anapiga ramli. Pima pingili moja moja mpaka uikute iliyooza.

Na kabla hujagusa kitu, nakili hali ilivyo sasa. Kwenye seva mama (101 ni namba ya mashine pepe, weka ya kwako):

```
qm config 101
cat /etc/network/interfaces
```

Hifadhi majibu pembeni. Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na upime tena. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na mambo yakatengemaa, hutajua kilichoponya, na siku yakirudi utaanza upya.

Hatua ya 1: Ugeuze ulalamishi kuwa tarakimu

"Mtandao mzito" ni magonjwa matatu tofauti. La kwanza ni kasi ndogo: faili kubwa linakopiwa kwa kujikongoja, lakini ukiandika kwenye SSH (njia ya kuandikia seva amri kutoka mbali) herufi zinatokea papo hapo. La pili ni kuchelewa: kila kitu kinafika, ila baada ya kusubiri, unabonyeza herufi na inatokea ukiwa umeshabonyeza nyingine tatu. La tatu ni kupotea kwa pakiti: simu za mtandaoni zinakatikakatika, na kukopi faili kunakwenda, kunasimama, kunakwenda tena.

Ping ya dakika moja inatenganisha mengi (badilisha anwani iwe ya kwako):

```
ping -i 0.2 -c 300 192.168.10.1
```

Ndani ya ofisi, kwa kebo, wastani unapaswa kuwa chini ya milisekunde moja, na kilichopotea kiwe asilimia sifuri. Angalia pia `mdev` iliyo mwisho wa mstari wa mwisho: ikiwa kubwa, safari za pakiti hazilingani, na hilo mara nyingi ni dalili ya prosesa iliyozidiwa au Wi-Fi iliyo katikati ya njia.

Kuna dalili moja nataka uikariri. Kitu kikichelewa karibu sekunde tano kamili, kisha kikaenda kwa kasi ya kawaida, mchunguze DNS kwanza, ile huduma inayogeuza majina kuwa anwani za IP. Linux husubiri sekunde 5 kwa chaguo-msingi kabla ya kuhama kutoka seva ya DNS isiyojibu kwenda inayofuata. Tazama `/etc/resolv.conf`, kisha ujaribu kila seva iliyotajwa humo kwa `dig`. Nimeshakuta mashine pepe iliyohamishwa ofisi ikiendelea kuuliza DNS ya ofisi ya zamani, na watu wameshaagiza kadi mpya ya mtandao.

Uliza pia saa. Mahali pamoja mfumo ulikuwa ukilala kila siku asubuhi, kuanzia saa moja hadi karibu saa tatu, kisha unaamka wenyewe. Fundi aliambiwa aweke nakala rudufu za mashine zote "saa saba usiku", naye akaandika 07:00. Kompyuta haijui saa ya Kiswahili: saa saba usiku ni 01:00, na 07:00 ni saa moja asubuhi, wakati milango inafunguliwa. Diski na kebo zote zilikuwa zimebeba nakala rudufu huku wafanyakazi wakiingia. Tulibadilisha tarakimu moja tu. Kwa hiyo fungua ratiba ya nakala rudufu mapema, kabla ya uchunguzi wa kina.

Hatua ya 2: Pima mtandao bila diski

Usipime mtandao kwa kukopi faili. Faili linapita kwenye diski mbili, programu ya kushiriki mafaili, na pengine antivirusi. Ukiona kasi ndogo hujui nani mkosaji. Tumia iperf3, ambayo hutuma data kutoka kumbukumbu hadi kumbukumbu na haigusi diski. Upande mmoja:

```
iperf3 -s
```

Upande mwingine:

```
iperf3 -c 192.168.10.20 -t 30
iperf3 -c 192.168.10.20 -t 30 -R
```

Amri ya pili, yenye `-R`, inageuza mwelekeo. Usiiruke. Kuna magonjwa yanayokaa upande mmoja tu, na ukipima kutuma bila kupima kupokea utaondoka ukisema mtandao mzima uko salama. Hakikisha poti 5201 imeruhusiwa kwenye faiawoli ya mashine inayopokea, la sivyo utasubiri bure.

Sasa fanya vipimo vinne, kwa mpangilio huu:

1. Mashine pepe kwenda mashine pepe nyingine ndani ya seva hiyohiyo, kwenye daraja moja.
2. Mashine pepe kwenda seva mama.
3. Seva mama kwenda kompyuta nyingine iliyo kwenye swichi.
4. Mashine pepe kwenda kompyuta hiyohiyo.

Kipimo cha 1 na cha 2 havigusi kebo kabisa. Pakiti zinazunguka ndani ya kumbukumbu ya seva. Kwa kadi pepe nzuri na prosesa ya kisasa, utaona gigabiti kumi kwa sekunde au zaidi. Kipimo cha 3 kinaiweka mashine pepe kando kabisa. Kikiwa kibovu, acha kuisingizia mashine pepe, nenda kwenye kebo na swichi. Kikiwa kizuri na cha 4 kibovu, ugonjwa uko ndani ya seva, kati ya mashine pepe na daraja.

Zisome tarakimu kwa uangalifu. Kwenye kebo ya gigabiti moja, kiwango kizuri cha TCP ni karibu megabiti 941 kwa sekunde, si 1000. Sababu ni hesabu tu: kila fremu kamili inachukua baiti 1538 kwenye waya ukijumlisha vichwa, mkia na nafasi kati ya fremu, na katika hizo data yako ni baiti 1448. Kwa hiyo ukiona 941 usitafute ugonjwa, hapo umefika mwisho wa kebo. Na usichanganye megabiti na megabaiti. Windows inapokopi faili huonyesha megabaiti: 941 za iperf3 ni kama 112 za Windows. Nimeshaona watu wakigombana na fundi wao kwa sababu "tumelipia 100 tunapata 12", kumbe 12 za megabaiti ndizo 100 za megabiti, ukitoa gharama za njiani.

Safu ya `Retr` kwenye majibu ya iperf3 inahesabu pakiti zilizobidi kurudiwa. Chache mwanzoni ni kawaida. Zikiongezeka kila sekunde mpaka mwisho, pakiti zinapotea njiani.

Hatua ya 3: Kebo, kama kipimo cha 3 ni kibovu

Katika ile ofisi ya uhasibu, kipimo cha 3 kilisoma 94. Si 90, si 97: 94, kila mara, pande zote mbili. Tarakimu hiyo ni sahihi ya kebo iliyoshuka hadi megabiti 100. Kwenye seva mama, ambako kadi halisi inaitwa eno1, niliandika:

```
ethtool eno1 | grep -E 'Speed|Duplex'
```

Ikajibu `Speed: 100Mb/s`. Nilipiga magoti nikafuata kebo kwa mkono kutoka nyuma ya seva. Ilipita chini ya mguu wa kabati la mafaili, na pale chini ya mguu ilikuwa imebonyea kama bomba la mpira lililokanyagwa na gari. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za waya zilizo ndani ya kebo. Megabiti 100 zinatumia jozi mbili tu. Jozi moja ikikatika, kadi na swichi hukubaliana kimyakimya kushuka, taa inaendelea kuwaka, ping inaendelea kujibu, na hakuna anayeambiwa. Kebo ya mita mbili ilimaliza kazi.

Hapo hapo angalia kama kadi inahesabu makosa:

```
ethtool -S eno1 | grep -iE 'err|drop|crc'
```

Makosa ya CRC (fremu zilizofika zimeharibika) yanayopanda ni kebo mbovu, kichwa cha RJ45 kilichobanwa vibaya, au poti ya swichi iliyochoka. Hamisha poti moja, pima. Badilisha kebo, pima.

Kebo ilipopona, kipimo cha 3 kikafika 940. Kipimo cha 4 kwenda Windows kilipanda pia, lakini kiliyumba: mara mia tisa, mara mia nne, hasa watu walipokuwa kazini. Maana yake kulikuwa na ugonjwa wa pili uliojificha nyuma ya wa kwanza. Usifunge kisanduku cha zana kwa sababu umepata kosa moja.

Hatua ya 4: Kadi pepe ni ya aina gani?

Katika `qm config`, mstari wa `net0` ndio unaosema. Ukiona hivi:

```
net0: e1000=BC:24:11:0A:1B:2C,bridge=vmbr0
```

basi mashine yako imepewa kadi ya kuigiza. e1000 inaiga kadi halisi ya Intel ya zamani, rejista kwa rejista, ili mfumo wowote wa uendeshaji uitambue bila draiva ya ziada. Uzuri wake ni huo tu. Kila mara mfumo wa ndani unapogusa rejista ya kadi hiyo isiyokuwepo, prosesa inalazimika kutoka ndani ya mashine pepe, kuingia kwa seva mama, kuigiza jibu, na kurudi. Kwenye prosesa mpya isiyo na kazi, e1000 inaweza kukaribia gigabiti moja. Lakini inakula prosesa, na prosesa ikishikwa na kazi nyingine, kasi inaporomoka. Ndiyo maana Windows ile iliyumba mchana na kutulia usiku.

Dawa ni virtio, kadi iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe. Mashine inajua kwamba haiongei na chuma halisi, kwa hiyo inaweka pakiti nyingi kwenye foleni ya kumbukumbu inayoshirikiwa na kuigonga seva mama mara moja tu. Kwa VMware mwenzake ni VMXNET3. Kwa VirtualBox, kwenye orodha ya aina za kadi chagua ile iliyoandikwa virtio-net.

Linux ina draiva yake tayari. Kwenye Windows nenda taratibu:

- Pakia ISO ya draiva za virtio kwenye CD pepe.
- Ongeza kadi ya pili ya aina ya virtio, bila kuondoa ya zamani. Windows ikiiona, weka draiva yake, inaitwa NetKVM.
- Nakili anwani ya IP, lango na DNS za kadi ya zamani kwenye karatasi.
- Nje ya saa za kazi, ondoa ya zamani na umpe mpya anwani ile. Windows ikilalamika kwamba anwani inatumiwa na kadi nyingine iliyofichwa, kubali iondolewe huko.

Kwenye Linux unaweza kubadilisha moja kwa moja, lakini andika MAC (namba ya utambulisho wa kadi) ileile ya mwanzo:

```
qm set 101 --net0 virtio=BC:24:11:0A:1B:2C,bridge=vmbr0
```

Ukiacha MAC, Proxmox itatunga mpya, DHCP, huduma inayogawa anwani za IP, itaipa mashine anwani nyingine, na utabaki unashangaa mbona seva imepotea.

Ukiwa kwenye mstari huohuo, tazama kama kuna neno `rate=`. Hicho ni kizuizi cha kasi, na Proxmox inakihesabu kwa megabaiti kwa sekunde. Aliyeweka `rate=10` akidhani ni megabiti 10 ameruhusu 80. Aliyeiweka siku ya majaribio na kuisahau ameacha breki imefungwa, na hakuna kipimo cha kebo kitakachoiona.

Hatua ya 5: Prosesa, kwa sababu kwenye mashine pepe mtandao ni kazi ya prosesa

Kompyuta ya kawaida ina chipu ya mtandao inayofanya kazi yake. Mashine pepe haina. Kila pakiti inabebwa na prosesa. Ndani ya mashine pepe ya Linux fungua `top`, bonyeza 1, kisha anzisha iperf3 na utazame safu mbili.

`st` ni muda ambao mashine pepe ilitaka kufanya kazi lakini seva mama ilimpa mwingine prosesa. Ikikaa juu ya asilimia chache muda wote, umegawa kori kuliko ulizonazo. Seva yenye kori nne iliyobeba mashine tano za kori nne nne ni chakula cha watu wanne kilichopakuliwa sahani ishirini. Punguza kori za mashine zisizozihitaji. Nimeona mashine ya mafaili ikiongeza kasi baada ya kupunguziwa kori, na mwenye nayo hakuamini.

`si` ni muda wa kushughulikia pakiti zinazoingia. Kori moja ikiwa imejaa `si` huku nyingine zimelala, mzigo wote umeangukia foleni moja. Upande wa seva mama fungua `top -H` utafute uzi wenye jina linaloanza na `vhost-`. Ukikaa karibu asilimia 100, huyo ndiye mbebaji aliyechoka. Ongeza foleni, kwa idadi ya kori za mashine hiyo:

```
qm set 101 --net0 virtio=BC:24:11:0A:1B:2C,bridge=vmbr0,queues=4
```

Zima na uwashe mashine, kisha ndani yake hakikisha kwa `ethtool -l ens18` (ens18 ni jina la kadi ndani ya mashine). Kama hazijawashwa, `ethtool -L ens18 combined 4`. Elewa kwamba muunganisho mmoja wa TCP hutumia foleni moja. Foleni nyingi zinasaidia seva yenye wateja wengi, hazimharakishi mtu mmoja anayekopi faili moja. Kwa hiyo pima tena kwa `iperf3 -P 4`, na kwa mashine ndogo isiyo na mzigo achana nazo.

Hatua ya 6: MTU, ugonjwa unaochanganya kuliko yote

Dalili zake ni hizi: ping inajibu vizuri. SSH inaingia, inakuonyesha jina la seva, halafu unapoandika `ls` kwenye folda yenye mafaili mengi, kimya. Tovuti moja inafunguka, nyingine inabaki nyeupe. Mtu anaapa kwamba mtandao upo, mwingine anaapa kwamba haupo, na wote wanasema kweli. Pakiti ndogo zinapita, kubwa zinakwama.

Ethernet ya kawaida inabeba pakiti ya hadi baiti 1500; kikomo hicho ndicho MTU. Ukipitisha pakiti hiyo ndani ya handaki (kama VPN), handaki linaongeza vichwa vyake, na kilichokuwa 1500 hakitoshi tena. VXLAN inachukua baiti 50, kwa hiyo ndani yake inabaki 1450. WireGuard kwa kawaida hujiwekea 1420. Laini za intaneti zinazotumia PPPoE zinabaki na 1492. Pakiti kubwa mno ikifika kwenye pingili nyembamba, ruta inapaswa kurudisha ujumbe wa ICMP (pakiti za taarifa za njia, kama za ping) kusema "punguza". Faiawoli nyingi zimewekwa zizuie ICMP yote, kwa hiyo ujumbe haufiki, na mtumaji anaendelea kurudia pakiti ileile mpaka anachoka.

Pima hivi, ukikataza pakiti isikatwe vipande:

```
ping -M do -s 1472 10.20.0.5
```

1472 ukijumlisha vichwa vya IP na ICMP, baiti 28, ndiyo 1500. Kwenye Windows ni `ping -f -l 1472`. Ikikataa, shuka: 1464, 1422, 1392. Namba kubwa kuliko zote inayopita, ongeza 28, hiyo ndiyo MTU halisi ya njia. Iweke ndani ya mashine pepe:

```
ip link set ens18 mtu 1450
```

Amri hiyo hufutika mashine ikizimwa. Ukishathibitisha kwamba imeponya, iandike kwenye netplan au faili la mtandao la mfumo wako. Kama mashine nyingi zinapita kwenye ruta moja ya Linux, ni bora kutibu pale kwenye ruta, ili kila muunganisho wa TCP ujipime tangu salamu ya kwanza:

```
iptables -t mangle -A FORWARD -p tcp --tcp-flags SYN,RST SYN -j TCPMSS --clamp-mss-to-pmtu
```

Na tafadhali, ruhusu ICMP za "punguza ukubwa" kwenye faiawoli yako. Kuizuia ICMP yote hakuongezi usalama wa maana, kunaongeza usiku wa kukesha.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu amesoma kwamba fremu za baiti 9000 zina kasi, akaziweka kwenye mashine pepe peke yake. Fremu hizo zinafaa pale tu daraja, kadi halisi, swichi na mashine ya upande wa pili vyote vimewekwa vivyo hivyo. Mmoja akibaki 1500, umejitengenezea ugonjwa huuhuu kwa mkono wako. Kwenye gigabiti moja faida yenyewe ni ndogo; mimi huziacha.

Hatua ya 7: Faiawoli ikiwa nayo ni mashine pepe

Hapa kuna mtego wa peke yake. Ili kuokoa prosesa, keneli huiachia kadi kazi ya kukokotoa checksum (namba ya kuhakiki uzima) ya kila pakiti, na kukata mzigo mkubwa kuwa fremu. Kati ya mashine pepe mbili za seva moja, mara nyingi hakuna anayeikokotoa kabisa, kwa kuwa pakiti haitoki nje. Lakini faiawoli iliyo katikati ikizipokea, inaweza kuziona mbovu na kuzitupa. pfSense, programu ya faiawoli, kwenye virtio ni mfano unaojulikana: ping inapita, tovuti hazifunguki au zinaburuta. Dawa ni kuzima ukokotoaji wa checksum wa kadi kwenye mipangilio yake ya juu ya mtandao, kisha kuiwasha upya.

Kwenye Linux jaribu kwa muda:

```
ethtool -K ens18 tx off gso off tso off
```

Hali ikitengemaa, umempata. Isipobadilika, rudisha kwa `on`, kwa sababu kuziacha zimezimwa bila sababu kunapunguza kasi. Na ukifungua tcpdump ndani ya mashine yenyewe ukaona pakiti zinazotoka zimeandikwa checksum si sahihi, usishtuke. tcpdump huzitazama kabla kadi haijafika zamu yake.

Hatua ya 8: Mashine zilizonakiliwa

Mawasiliano yakija na kukatika kwa zamu kati ya mashine mbili, shuku kwamba moja ni nakala ya mwenzake. Proxmox humpa nakala MAC mpya, lakini haigusi `/etc/machine-id` iliyo ndani, na Ubuntu hutumia namba hiyo kujitambulisha kwa DHCP. Mashine mbili zikitoa kitambulisho kimoja, hupewa anwani moja. Ilinganishe kwenye zote mbili. Zikifanana, kwenye nakala ifute `/etc/machine-id`, endesha `systemd-machine-id-setup`, kisha washa upya. Kwenye kiolezo, ikate iwe faili tupu kabla ya kukinakili.

Hatua ya 9: Ndani kuko salama, nje ndiko kunakoburuta

Vipimo vyote vinne vikiwa safi, sasa una haki ya kutazama nje. Kama mashine pepe yako imekodiwa Ulaya na watumiaji wako Dar es Salaam au Mombasa, umbali wenyewe ni sehemu ya jibu. Ping ikisoma milisekunde 160, dirisha la TCP (data inayotumwa kabla ya kusubiri risiti) la kilobaiti 64 haliwezi kupita megabiti 3.3 kwa sekunde, hata ukilipia laini ya 100. Mtumaji anakaa anasubiri risiti. Ili kuijaza laini ya 100 kwa umbali huo, zinahitajika megabaiti 2 zikiwa njiani muda wote. Linux ya leo hujipanulia dirisha yenyewe. Tazama kama inafanikiwa:

```
ss -ti dst 10.20.0.5
```

Soma `rtt` (muda wa kwenda na kurudi), `cwnd` (pakiti zinazoruhusiwa kuwa njiani) na `retrans` (zilizorudiwa). Pakiti zikipotea kidogo kwenye njia ndefu, cwnd inashushwa kila mara na haipandi tena haraka. Hapo kwenye seva inayotuma jaribu BBR, kanuni ya kupanga kasi ya kutuma, iliyotoka Google na kuingia Linux tangu keneli 4.9:

```
sysctl -w net.core.default_qdisc=fq
sysctl -w net.ipv4.tcp_congestion_control=bbr
```

Pima kabla na baada, kwa saa zilezile za siku.

Mara nyingine tatizo ni kubwa kuliko ofisi yako. Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mashine pepe za Tanzania na nchi jirani zilionekana wagonjwa, kumbe wenyewe walikuwa wazima. Linganisha kwa kupima kwenda seva iliyo nchini, ambayo njia yake inapita kituo cha ndani cha kuunganisha watoa huduma kama TIX Dar es Salaam au KIXP Nairobi. Cha ndani kikiwa safi na cha nje kibovu, umeshajua upande wa kupiga simu.

Unapompigia mtoa huduma, mpelekee hiki, kilichopimwa kutoka seva mama kwa kebo, si kutoka simu yako ya Wi-Fi:

```
mtr -rwzc 100 anwani-ya-mbali
```

Peleka pande zote mbili kama unaweza, pamoja na saa uliyopima. Soma kabla ya kutuma: kituo cha katikati kinachoonyesha asilimia 60 ya upotevu, huku vinavyofuata vikiwa sifuri, hakipotezi pakiti, kinapunguza tu kasi ya kujibu ping. Upotevu wa kweli huanzia mahali na kuendelea hadi mstari wa mwisho. Zungushia mstari ule unapoanzia, na juu ya barua andika matokeo ya kipimo cha 3, ili asianze kukuambia uzime ruta na kuiwasha.